Jinsi ya Kuunda Bosi wa Genge na Mtandao Wake katika Katuni za Mashujaa

Mwandishi anayeamua kumpa shujaa wake mpinzani aliye bosi wa genge la wahalifu amejichagulia kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mpinzani huyo kwa kawaida hawezi kuruka angani, mwili wake haudundishi risasi, wala hana mashine ya kuiteketeza dunia. Ana suti, simu, dereva na watu wanaomwogopa. Shujaa anayeweza kuvunja ukuta kwa bega angemaliza naye kwa dakika moja, na msomaji analijua hilo tangu ukurasa wa kwanza. Kwa nini basi hammalizi? Mwandishi asiye na jibu la swali hilo hana simulizi. Jibu ninalolitetea katika mwongozo huu ni kwamba nguvu za bosi wa genge haziko mwilini mwake, bali zimo katika madeni, hofu na fadhila zinazowafunga watu wengine kwake, na kwamba kila uamuzi wako wa kisanii, kuanzia aina ya biashara ya genge hadi mpangilio wa fremu (visanduku vya picha kwenye ukurasa), unapaswa kutokana na jambo hilo.

Inafaa kujua kwamba wahalifu wa mjini walikuwa miongoni mwa wapinzani wa kwanza kabisa wa katuni hizi. Superman alipotokea Juni 1938 na Batman Mei 1939, wasomaji wa Marekani walikuwa bado wanaikumbuka vizuri miaka ya marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, ambapo magenge yalitajirika kwa magendo ya vileo na kununua polisi, mahakimu na wanasiasa. Baadaye waovu wenye mavazi ya rangi na hila za kisayansi wakawapiku, na majambazi wakabaki kuwa watu wa kupigwa katika kurasa za mwanzo kabla mwovu mwenyewe hajaingia. Kanuni za maadili ambazo wachapishaji walijiwekea mwaka 1954 zilizidi kuwadhoofisha, kwani ziliagiza kwamba mhalifu asionyeshwe kwa namna ya kumfanya aonewe huruma, kwamba mbinu za uhalifu zisielezwe kwa undani, na kwamba wema ushinde kila mara. Jambazi asiyeruhusiwa kuwa na sababu wala mbinu hubaki kofia na bunduki tu. Kanuni hizo ziliporegezwa mwaka 1971, waandishi waliruhusiwa kumwelewa mhalifu kidogo na hata kuonyesha maofisa wa umma wala rushwa, mradi mkosaji aadhibiwe, na si ajabu kwamba simulizi bora za magenge zilikuja baada ya hapo. Genge lisilo na ofisa aliyenunuliwa halimtishi mtu.

Biashara kwanza, mtu baadaye

Waandishi wengi huanza na sura ya bosi, yaani kovu lake, pete yake na jina lake la utani. Ninashauri uanze na maswali ya kihasibu: genge hili linapata fedha wapi, nani anazilipa, na kwa nini anakubali kuzilipa? Genge halikusanyiki kwa sababu watu wabaya wanapenda kukaa pamoja. Linauza kitu ambacho sheria imekikataza, au linamlazimisha mtu anunue kitu asichokihitaji. Kuna kamari, mikopo ya riba kubwa, silaha, dawa za kulevya na bidhaa za wizi. Kuna fedha za ulinzi ambazo maduka hutozwa ili yasichomwe moto na wale wale wanaodai kuyalinda. Na kuna utekaji wa vyama vya wafanyakazi na wa zabuni za ujenzi, ambao hauna milio ya risasi lakini unaweza kuliweka jiji zima mfukoni mwa mtu mmoja. Chagua shughuli moja au mbili na uzijue hadi ndani. Ukichagua fedha za ulinzi, ujue hukusanywa siku gani, anayezikusanya ni nani, anazibeba ndani ya kitu gani, anamkabidhi nani, na mwenye duka hufanywa nini anapochelewa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sehemu kubwa ya maarifa hayo haitaingia katika kurasa zako, lakini yatakupa matukio ambayo mawazo matupu hayawezi kuyatoa. Mkusanyaji anayepita dukani akakuta mlango umefungwa ni mwanzo mzuri wa simulizi kuliko mlipuko.

Fuata fedha hiyo hadi mwisho wake. Fedha ya uhalifu ina kasoro moja kubwa: mwenye nayo hawezi kueleza aliipataje. Al Capone, aliyehusishwa na umwagaji damu mwingi mjini Chicago, hakufungwa kwa mauaji. Mwaka 1931 alihukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi. Kwa sababu hiyo genge lako linahitaji biashara halali za kutakatishia fedha, na hizo ndizo sehemu ambapo uhalifu hukaa meza moja na watu wenye heshima zao: meneja wa benki, wakili, mkandarasi, mfadhili wa hospitali. Weka matukio yako muhimu hapo. Katika simulizi ya mwaka 1987 iliyoeleza upya mwaka wa kwanza wa Batman, ambamo bosi Carmine Falcone alitokea kwa mara ya kwanza, Falcone hajifichi ghalani. Ameketi mezani anakula na viongozi wa jiji, na Batman anawavamia wakiwa katika karamu yao ili kuwapa onyo. Tukio hilo moja linamweleza msomaji jinsi Gotham, jiji la Batman, inavyotawaliwa kwa namna ambayo kurasa kumi za maelezo zisingeweza.

Kuna hatua nyingine ambayo waandishi wengi huiruka, ingawa ndiyo inayozitofautisha katuni za mashujaa na simulizi za kawaida za uhalifu. Dunia yako ina watu wanaoruka, wageni kutoka sayari nyingine, mashine zenye akili na mabaki ya vita vyao vyote. Dunia kama hiyo itazaa magendo ya aina yake. Mwandishi na mchoraji Jack Kirby aliliona jambo hili mwaka 1970 alipoanzisha Intergang, genge la mjini linalopewa silaha kutoka Apokolips, sayari ya mtawala mwovu Darkseid. Mpangilio huo una mantiki ya kibiashara pande zote mbili: mtawala wa mbali anahitaji mikono mitaani, na genge linahitaji kitu cha kumkabili Superman. Jiulize maswali ya namna hiyo kuhusu dunia yako mwenyewe. Baada ya pambano kubwa, nani anaokota vyuma vya roboti usiku kabla serikali haijafika? Nani anamiliki kampuni inayopata zabuni ya kujenga upya mitaa iliyobomolewa, na je, anafaidika pambano likirudi tena mwezi ujao? Nani anawatibu wahalifu waliovunjwa mbavu, kwa kuwa hawawezi kwenda hospitali bila kuulizwa maswali? Nani ananunua habari za mahali shujaa alipoonekana na saa aliyoonekana? Kila swali kati ya hayo linaweza kubeba mfululizo mzima wa matoleo, na kila moja linamfanya shujaa awe sehemu ya uchumi wa genge bila yeye kujua.

Ngazi za genge ndizo njia ya simulizi yako

Ukishajua fedha inavyopanda, utajua amri zinavyoshuka. Mwaka 1963 Joe Valachi, mwanachama wa mafia, alitoa ushahidi hadharani mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na kueleza ngazi za familia za kihalifu: bosi, msaidizi wake, mshauri, makapteni, na askari walio chini yao. Muundo huo una lengo moja la kivitendo, nalo ni kumweka bosi mbali na tendo. Askari anapokamatwa hawezi kumtaja bosi, kwa kuwa hakuwahi kupewa amri naye. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 inayojulikana kwa kifupi kama RICO ilitungwa ili waendesha mashtaka waweze kulishughulikia genge zima kama taasisi moja, badala ya kushughulika na kosa moja moja la mtu mmoja mmoja.

Umbali huo ni zawadi kwa mwandishi wa katuni inayotoka kila mwezi. Shujaa huanza na mtu wa chini kabisa, na kila toleo humpandisha ngazi moja, huku kila ngazi ikiwa na mtu mwenye hofu yake na bei yake. Usiwafanye watu hao wafanane. Mkusanyaji wa mtaani anaogopa kupoteza ajira, kapteni anaogopa kapteni mwenzake, mhasibu anaogopa jela, na mshauri, ambaye ameona mengi, anaogopa kwamba bosi ameanza kuzeeka. Waandikie majina, hata wale watakaozungumza mara moja tu.

Umbali huo unaweza pia kutumiwa kwa hila. Katika simulizi ya mwaka 1988 kuhusu chanzo cha Joker, adui mkubwa wa Batman, wahalifu wawili wanamchukua mchekeshaji aliyeshindwa maisha, mwenye mke mjamzito, na kumvika kofia nyekundu inayofunika uso ili polisi wakivamia wadhani yeye ndiye kiongozi wa genge. Vazi la mwovu, ambalo kwa kawaida ni alama ya nguvu, hapo limekuwa chombo cha kumtoa mnyonge kafara. Ninaona hiyo ni mojawapo ya fikra bora kuhusu genge katika katuni zote, kwa sababu inafuata mantiki ya genge lenyewe: anayeonekana zaidi ndiye mwenye thamani ndogo zaidi.

Ikiwa magenge yako ni zaidi ya moja, yatofautishe kwa tabia za uendeshaji kabla ya kuyatofautisha kwa mavazi. Maggia, mtandao wa kihalifu uliotokea katika katuni za kampuni ya Marvel mwaka 1965, ulikuja kugawanyika katika familia zenye viongozi wasiofanana hata kidogo: Count Nefaria, kabaila mwenye mali na teknolojia, Silvermane, mzee aliyetokea mwaka 1969 akitafuta njia ya kurudisha ujana, na Hammerhead wa mwaka 1972, mwenye fuvu lililoimarishwa kwa chuma na mapenzi ya suti za miaka ya 1920. Wote wako chini ya jina moja, lakini kila mmoja angeamua tofauti akiletewa tatizo lile lile. Fanya zoezi hilo kwa mabosi wako: waletee wote msaliti mmoja, uandike kila mmoja atamfanya nini. Wawili wakitoa jibu moja, mmoja hana kazi katika simulizi yako.

Somo la Kingpin

Wilson Fisk, anayeitwa Kingpin, alitokea Julai 1967 katika toleo la 50 la The Amazing Spider-Man. Hapo mwanzo alikuwa bosi wa kawaida wa katuni, mwenye mwili mkubwa uliojaa misuli na fimbo yenye silaha ndani yake. Alipata uzito alionao leo tangu mwaka 1981, mwandishi na mchoraji Frank Miller alipomhamishia katika katuni ya shujaa Daredevil. Yeyote anayetaka kuandika bosi wa genge anapaswa kuzichunguza simulizi hizo kwa makini, na hapa nitakaa kidogo.

La kwanza la kujifunza ni namna alivyorudishwa. Mwaka 1981 Fisk amestaafu uhalifu na anaishi Japani, kwa sababu Vanessa, mke wake, ameshindwa kuivumilia kazi ile. Tena yuko tayari kukabidhi serikali nyaraka zinazowafichua wasaidizi wake wa zamani. Wasaidizi hao wanajaribu kumzuia, Vanessa anaonekana kuwa amekufa katika vurugu hizo, na Fisk anarudi katika uhalifu akiwa hana tena kitu cha kumzuia. Tazama jinsi mpango huo ulivyofumwa. Mapenzi yake ni ya kweli, na msomaji anayaamini. Mapenzi hayo hayafuti hata tone la damu aliyoimwaga. Na yakiondolewa, hatari yake huongezeka. Bosi wako naye anahitaji mtu au kitu anachokipenda kwa dhati, lakini usikiweke ili kumpunguzia hatia. Kiweke ili msomaji ajue mtu huyu ana uwezo wa kuchagua, na kwamba anachagua.

La pili ni namna anavyoshambulia. Katika simulizi ya mwaka 1986, Karen Page, aliyewahi kuwa mpenzi wa Matt Murdock na ambaye sasa ametekwa na dawa za kulevya, anaiuza siri kwamba Murdock ndiye Daredevil, na siri hiyo inamfikia Fisk. Bosi wa kawaida angetuma wauaji usiku huo huo. Fisk anatumia makaratasi. Akaunti ya benki ya Murdock inafungwa, mamlaka ya kodi inamwandama, na ofisa wa polisi mwenye sifa ya uaminifu anatoa ushahidi wa uongo dhidi yake, kwa sababu mtoto wake ni mgonjwa na Fisk ameahidi kugharimia matibabu. Murdock, mwanasheria aliyeyajenga maisha yake juu ya imani katika sheria, anapoteza haki ya kufanya kazi hiyo. Ngumi zake zote hazina pa kutua. Ofisa yule wa polisi ndiye mhusika ninayemwona kuwa muhimu kuliko wote katika sehemu ile, kwa kuwa hakuvunjwa kwa tishio, alivunjwa kwa fadhila. Na fadhila humfunga mtu kwa muda mrefu kuliko hofu, maana anayeogopa anaweza siku moja kupata ujasiri, lakini mwenye deni la uhai wa mwanawe hawezi kulirudisha.

La tatu ni kosa lake. Baada ya kumvunja Murdock kimyakimya, Fisk anailipua nyumba yake, na mlipuko huo ndio unaomjulisha Murdock kwamba misiba yote ile ilipangwa, na kwamba aliyeipanga ni Kingpin. Kiburi kilimfanya atie sahihi kazi ambayo ingebaki bila mwenyewe. Mpe bosi wako udhaifu wa aina hii, unaotokana na tabia ile ile iliyomfikisha juu, badala ya udhaifu uliobandikwa ili simulizi iishe. Bosi mwangalifu ataangushwa na uangalifu uliopita kiasi na kumfanya amshuku mtu mwaminifu. Bosi anayejivunia kulipa madeni yake yote ataangushwa na deni moja ambalo halilipiki.

Onyesha mapema kwamba ngumi haitoshi

Katika kurasa za mwanzo za simulizi, mruhusu shujaa ashinde pambano la mwili kwa urahisi. Awapige wakusanyaji watano na kuwafunga kwenye nguzo. Kisha mwonyeshe msomaji siku inayofuata: wakili amewatoa wanne kwa dhamana, wa tano amebadilishwa na kijana mwingine, na mwenye duka aliyeokolewa anatozwa mara mbili kwa kosa la kuokolewa. Baada ya hapo hutahitaji kueleza chochote kuhusu ukomo wa nguvu, na shujaa atalazimika kufanya kazi ambayo katuni nyingi huiogopa, yaani kusikiliza, kusubiri, kukusanya ushahidi na kumshawishi shahidi mmoja abaki hai na abaki na msimamo.

Mbinu hii huwafaa zaidi mashujaa wa mtaani kama Daredevil, Luke Cage na Batman. Kwa shujaa mwenye nguvu kama za Superman, usijaribu kumdhoofisha kwa jiwe la ajabu kila mara; mnyime habari, au mpe mpinzani ambaye umma unampenda. Lex Luthor, adui wa Superman, alipoundwa upya mwaka 1986 kuwa tajiri mkubwa wa Metropolis, jiji la Superman, badala ya mwanasayansi mtoro, alipata ngao ambayo hakuna macho ya mwali wa joto yanayoweza kuitoboa, nayo ni heshima yake mbele ya watu.

Kuna shujaa anayelikata fundo hili kwa risasi. Punisher, aliyetokea mwaka 1974, ni mtu ambaye familia yake iliuawa bustanini baada ya kushuhudia mauaji ya genge, na tangu hapo huwaua wahalifu bila kesi. Ukimweka mhusika wa namna yake karibu na shujaa wako, usimfanye jibu. Mfanye swali linalomkabili shujaa kila anapoona mkosaji aliyemkamata ameachiwa huru, na uonyeshe kwa uaminifu kwamba kiti cha aliyeuawa hujazwa, kwa kuwa biashara iliyomweka pale haikuguswa.

Kuhusu chanzo cha shujaa, tahadhari moja fupi. Ni rahisi kulifanya genge kuwa muuaji wa mzazi wake, na mara nyingine hufaa: baba yake Daredevil, bondia, aliuawa kwa kukataa kushindwa pambano lililopangwa. Lakini katika toleo la kwanza la Daredevil, la mwaka 1964, muuaji mkuu anakufa kwa mshtuko wa moyo akikimbizwa, na kisasi kinaisha kabla mfululizo haujaanza. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu shujaa mwenye kisasi tu huwa hana kazi baada ya kukitimiza. Mpe sababu nyingine ya kuamka kesho yake.

Suti na barakoa katika chumba kimoja

Genge la watu wa kawaida likiishi katika jiji lenye waovu wa barakoa, uhusiano wao lazima uwe wa kikazi na wenye msuguano. Bosi anataka utaratibu, faida na ukimya. Mwovu wa barakoa anataka kuonekana. Simulizi ya matoleo 13 iliyochapishwa mwaka 1996 na 1997 kuhusu familia za kihalifu za Falcone na Maroni mjini Gotham imejengwa juu ya msuguano huo: Falcone anaanza kuwaajiri watu wa barakoa kwa sababu njia zake za zamani hazifanyi kazi tena, na mwishoni anauawa na Two-Face, mwendesha mashtaka wa zamani aliyekuwa akimwandama mahakamani. Anayewaalika ndani hana uwezo wa kuwatoa.

Mwuaji wa kuajiriwa naye mtazame kama mfanyakazi mwenye wivu na hofu ya nafasi yake. Kifo cha Elektra katika katuni ya Daredevil mwaka 1982, ambacho wasomaji wanakikumbuka hadi leo, kilitokana na ushindani wa kazi: Bullseye alitoroka jela akakuta Elektra amechukua nafasi yake ya mwuaji mkuu wa Kingpin, akamwua ili airudishe. Hakukuwa na unabii wala sayari iliyo hatarini.

Ukitaka bosi mwenyewe awe na jambo lisilo la kawaida, mpe moja tu na ulifunge kwenye mamlaka yake. Black Mask, aliyetokea mwaka 1985, aliwavisha barakoa watu wake wote, na kwa njia hiyo akawanyang'anya sura zao. Jambo hilo lina maana. Bosi mwenye mwili wa chuma, macho ya umeme na jeshi la mizimu si bosi wa genge tena, na maswali yote ya sehemu zilizotangulia yanapoteza nguvu.

Kwenye ukurasa: picha na maneno

Mamlaka huchorwa kupitia watu wengine. Kabla ya kumwonyesha bosi, onyesha chumba kinavyobadilika anapokaribia: mazungumzo yanakatika, mtu anazima sigara, mtu anainuka na kuacha kiti kilicho bora. Anapoingia, mpe nafasi kubwa na mistari michache. Katika kitabu kingine cha mwaka 1986, mchoraji Bill Sienkiewicz alimchora Kingpin kifua chake kikijaza karibu fremu nzima, na kichwa kidogo juu yake, na hakuna anayeuona mwili ule akadhani kwamba mtu huyo anahitaji kupaza sauti. Mchoraji wako si lazima afuate ukubwa huo. Bosi mdogo wa umbo, aliyeketi huku wote wamesimama, anaweza kutawala fremu vivyo hivyo ikiwa macho ya wahusika wote yanaelekea kwake.

Maneno yake yawe machache, na amri isitamkwe wazi, kwa sababu ile ile iliyozifanya ngazi ziwepo. Tuseme mhasibu mzee ameonekana akizungumza na mwendesha mashtaka. Bosi anamwita, anamwagizia chai, kisha anamwambia: «Mzee wangu, nimesikia binti yako amefaulu mitihani. Hongera sana. Siku hizi anarudi nyumbani kwa njia ipi?» Kiputo cha maneno kinachofuata kibaki kitupu, au kisiwepo kabisa, na fremu iwe ya mkono wa mzee ukiweka kikombe chini. Hakuna mahakama inayoweza kumfunga mtu kwa maneno hayo, na msomaji ameelewa yote. Chunga sana usimpe hotuba ya kueleza falsafa yake. Mwenye kuogopwa hana haja ya kueleweka.

Ukatili uonyeshwe kupitia matokeo yake zaidi ya tendo lenyewe. Simwombi mwandishi arudi kwenye makatazo ya 1954, ila nimesoma kurasa nyingi ambamo risasi zinachorwa kwa ustadi na mjane hachorwi kabisa, na kurasa hizo, hata kama mwandishi hakukusudia, zinalisifu genge. Mpe mwathiriwa nyumba, kazi na mipango kabla ya kumdhuru, kisha urudi kwake matoleo mawili baadaye.

Jambo jingine ni asili za wahusika. Katuni zina historia mbaya hapa: jalada la toleo la kwanza kabisa la Detective Comics, mwaka 1937, lilijazwa na uso wa mwovu wa Kichina uliochorwa kwa dhana za kibaguzi za wakati ule, na kwa miongo mingi jina la Kiitaliano lilitosha kumtambulisha jambazi. Ikiwa genge lako linatoka katika jamii fulani, wahasiriwa wake wa kwanza kwa kawaida ni watu wa jamii hiyo hiyo, na wanaolipinga kwanza pia ni wao. Waweke ndani ya simulizi wakiwa na majina na sauti: mwenye duka anayekataa kulipa, mwandishi wa habari, polisi, mwalimu. Hilo ni suala la haki na pia la ufundi, kwa kuwa genge lisilo na mazingira halina wa kumtisha.

Kuanguka, na kiti kilichobaki wazi

Panga anguko la bosi kabla hujaandika toleo la kwanza, na lipitie katika ngazi na fedha ulizozijenga. Aliyekuwa hatamkwi jina anatamkwa mahakamani. Mhasibu anachagua upande. Daftari linafika mikononi mwa mtu asiyenunulika. Kazi ya shujaa iwe kuwalinda watu hawa wadogo muda wa kutosha ili wafanye jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulifanya, na pambano la mwisho la mwili, kama litakuwepo, liwe kwa ajili ya shahidi, si kwa ajili ya bosi. Kumbuka pia kwamba mahakama si mahali salama: katika simulizi ya Batman ya mwaka 1942, bosi Maroni alimmwagia mwendesha mashtaka tindikali usoni katikati ya kesi, na kutokana na tendo hilo Two-Face akazaliwa. Ushindi wa kisheria unaweza kuzaa mpinzani mbaya kuliko aliyefungwa.

Halafu andika kurasa zinazofuata hukumu, ambazo waandishi wengi huziacha. Makapteni wanahesabiana. Genge la jirani linatuma mtu kupima mipaka. Vijana waliokuwa wakilipwa kila wiki hawajalipwa, na mmoja wao amebaki na funguo za ghala. Siku ya makusanyo inafika kama kawaida, na mtu fulani, ambaye hujampa nafasi kubwa hadi sasa, anaingia dukani na kudai kiasi kile kile. Amua sasa hivi mtu huyo ni nani, umpitishe mara mbili au tatu nyuma ya fremu za matoleo ya awali bila kumpa maneno, na uamue pia kama mwenye duka, baada ya yote aliyoyashuhudia, atafungua droo au atafunga mlango.